Mstari wa Rispah Nakhungu

Mimi ndiye niliyehesabu. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa kijijini kwetu, nyuma kidogo ya Kanduyi, bado kuna watu wanaosema hesabu ya siku ile ilikuwa na kasoro. Haikuwa na kasoro. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita, na kama kuna jambo ambalo siwezi kulikosea hata nikiwa na malaria, ni kuhesabu watu waliopangwa mstari. Kilichoharibika kilikuwa kitu kingine, na sehemu yake ni kosa langu.

Jina langu ni Bethwel. Kwetu ni Cheptais, juu mlimani, lakini kazi ya ualimu ilinileta huku chini nikajenga, nikazeeka, nikastaafu. Watu wa hapa wananiheshimu, ila wakianza kugombana hukumbuka haraka sana kwamba mimi si wa ukoo wao. Ndiyo sababu walinipa kazi ya kuhesabu.

Habari hii ni ya jirani yangu Rispah Nakhungu, ambaye wote tunamwita Mama Judy kwa jina la binti yake wa pekee. Rispah hakukulia hapa. Alizaliwa Kachibora, katika nyumba za vibarua wa shamba la mahindi, na ujana wake wote aliumalizia Kitale akiuza nguo za mitumba. Ukikaa naye dakika kumi utasimuliwa habari za Kitale, upende usipende. Zamani zile, wauza mitumba walikuwa wakiletewa mwenyekiti na kanjo, yaani watu wa baraza la mji, mwanamume ambaye hakuwahi kuuza hata soksi. Siku moja mwenyekiti huyo akawahamishia akina mama wote kando ya mtaro wa majitaka. Wakakataa. Wakasema watajichagulia mtu wao wenyewe, na kwa kuwa hawakuwa na karatasi wala sanduku, wakapanga mstari. Nyaguthii muuza makoti akasimama nyuma ya Rispah, Chepngeno akasimama nyuma ya Nyaguthii, na wengine wakafuata. Ili mtu asihesabiwe mara mbili, Rispah aliupita mstari mzima akimgusa kila mmoja bega. Kanjo hawakuwa na la kufanya, na meza zikarudi mahali pake.

"Mabega arobaini na tatu, Mwalimu," alikuwa akiniambia kila mara. "Na hakuna hata mmoja tulitoka tumbo moja na mimi."

Mumewe, Hesbon Wakhungu, ndiye aliyekuwa mtu wa hapa. Alipofariki mwaka wa 2017, Rispah alimleta kutoka Kitale, akamzika kwenye ekari moja na nusu ambayo Hesbon aliachiwa na baba yake, na yeye mwenyewe akabaki. Kaburi lilichimbwa upande wa chini, kwa sababu upande wa juu ni mawe matupu. Hatua tatu kutoka kaburini ulikuwepo mstari wa mkonge, na ng'ambo ya mkonge ni shamba la Barasa.

Barasa nisimpake matope kuliko anavyostahili. Mtu akifiwa, Barasa ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Atatafuta hema, atatafuta viti, atamtuliza mjane, na sauti yake ni nzuri ya kuongoza nyimbo. Mimi mwenyewe alinisaidia kumzika mke wangu na sitasahau. Lakini mbele ya ardhi Barasa hubadilika kabisa.

Mwaka wa 2019 naibu wa chifu alimteua Barasa kuwa mzee wa kijiji. Asiyeishi vijijini anaweza kudhani hicho ni cheo kidogo. Mzee wa kijiji ndiye anayesema nani aandikishwe kupata mbolea ya serikali, nani ni mkazi na nani mpita njia, na watu wakibishania mpaka, neno lake ndilo linaloandikwa. Mwaka wa pili wa Barasa, mkonge ulianza kufa, mche mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa tatu akalima mpaka karibu na kaburi, akasema mpaka wa kweli wa mababu ulikuwa kwenye kisiki cha mkaratusi kilicho juu zaidi, ndani ya shamba la Rispah. Kwa mpaka huo, Hesbon Wakhungu alikuwa amezikwa kwa Barasa.

Rispah alikwenda kulalamika kwa naibu wa chifu. Naibu wa chifu akamsikiliza vizuri, akamwambia suala la mpaka atamwuliza mzee wa kijiji.

Alirudi kutoka huko akakaa barazani kwangu bila kunisalimia. "Mwalimu," akasema, "gavana namchagua mwenyewe, na siku nitakufa hatajua nilikuwa hai. Huyu mwenye ananiona kila asubuhi nikienda kisimani, huyu ndio naletewa. Hiyo ni akili ya nani?"

Tangu mwaka wa 2013 tunajichagulia magavana kwa mbwembwe na fulana za bure, lakini yule anayeijua rangi ya ng'ombe wako bado anateuliwa na ofisi. Nilimwambia tuandike barua kwa DO, mkuu wa tarafa, maana hapa kwetu bado tunamwita DO hata kama serikali imembadilisha jina mara mbili. Tuliandika barua kumi na moja. Mimi naandika, yeye anapeleka kwa miguu, na kila alipofika alisema maneno yale yale, kwamba kama ni ofisi ilimweka Barasa, basi ofisi imtoe, na kama haiwezi, iwaachie watu wachague.

Barua ya kumi na moja ilimkuta DO mpya, kijana mwenye miwani ambaye nadhani alitaka tu kupata nafasi ya kunywa chai yake. Akasema sawa, mzee wa kijiji chenu achaguliwe na wananchi, kwa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, na atakayeshinda ofisi itampa barua. Rispah alirudi na habari hiyo akiimba njiani. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona na furaha kama ile, na mimi pia nilifurahi, nitasema uongo wa nini.

Baraza likaitishwa, wagombea wakatajwa, wakawa wawili tu: Barasa na Rispah. Wazee wenzangu walioukumbuka mlolongo wa mwaka wa 1988, ambapo mstari mfupi ulitangazwa mrefu na watu wakarudi nyumbani wakiwa wajinga, walinung'unika. Rispah akasimama akawaeleza habari za Kitale. Akasema wizi hautawezekana, kwa sababu kila mgombea atapita mstari wake pamoja na mwenye kuhesabu, akimgusa kila mtu bega. Asiyeguswa na mgombea hahesabiwi. DO akasema hilo ni wazo zuri sana, akaliandika. Watu wakapiga makofi.

Siku mbili baadaye Job alikuja kwangu. Job ni mume wa Judy, kwa hiyo ni mkwe wa Rispah. Boma lao liko ng'ambo ya kijito, kijiji kile kile, yeye na ndugu zake watano, wote watu wazima wenye familia. Ni fundi wa baiskeli pale Kanduyi, kijana mtaratibu asiye na maneno mengi. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, hakuna njia nyingine ya kuhesabu?" aliuliza.

"Njia gani, Job?"

"Njia yoyote. Si hata karatasi. Si hata mahindi kwa ndoo."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Hapa kwa Wabukusu, na kwetu Cheptais vilevile, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampi mkono, halitaji jina lake, hali mbele yake. Akimwona njiani anamwachia njia. Mimi nimemwona Job kwa macho yangu akiitupa baiskeli na kuingia kwenye mahindi yaliyolowa mvua ili Rispah apite. Na mama mkwe wa mmoja ni mama mkwe wa ndugu wote. Wapo siku hizi wanaoyaacha mambo hayo, hasa mjini, lakini si Rispah. Siku ya arusi ya Judy kijana mmoja wa Nairobi alimsukuma Job karibu naye ili wapigwe picha, na Rispah aliondoka kwenye sherehe ya binti yake mwenyewe, akaenda kukaa jikoni mpaka jioni. Alisema yeye alikulia kwenye nyumba za vibarua, ambako watu waliwadharau wazazi wake kama watu wasio na mila, na katika maisha yake hakuna atakayemwambia hivyo tena.

"Mwambie mwenyewe kupitia kwa Judy," nikamwambia Job.

"Hapana. Akijua ni mimi nimesema, atasikia aibu. Mwambie ni wewe umefikiria. Tafadhali, Mwalimu. Sisi tunamtaka yeye. Barasa hatumtaki."

Nikaenda. Nilimkuta Rispah akipepeta maharagwe, nikamwambia kwa maoni yangu kama mwalimu, ingefaa tuweke ndoo moja ndani ya darasa, mtu aingie peke yake, anayemtaka Barasa atie punje ya hindi, anayemtaka yeye atie haragwe. Alicheka.

"Ndoo ni ya kuiba, Mwalimu. Unataka Barasa aje na gunia? Watu wasimame nje waonekane. Kitale tulisimama nje."

"Kitale ilikuwa Kitale, Mama Judy."

"Watu ni watu tu."

Hapo ndipo ningemwambia. Ningesema, mama, Kitale mlikuwa wageni watupu, hakuna aliyekuwa mkwe wa mwenzake, na hapa nusu ya kijiji ni jamaa. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimemwahidi Job, na nikajiambia watu sita si wengi, atashinda bila wao. Mwalimu wa hesabu mzima. Nikamsaidia kuchagua mawe kwenye maharagwe, nikaenda zangu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, wakati wa likizo ya Agosti, katika uwanja wa shule ya msingi. Wingu lilikuwa limeshuka chini. DO alikuja na askari wawili na meza moja. Barasa alivaa koti lake la mazishi. Rispah alivaa gauni la kijani alilonunua Kitale na hakuketi hata kidogo tangu alipofika.

DO akapuliza filimbi, watu wakaanza kwenda nyuma ya mtu wao. Kwa dakika chache ulikuwa msukumano na vicheko, kisha mistari ikatulia. Hapo nikawaona Job na ndugu zake. Walikuwa kwenye ua wa michongoma, mwisho wa uwanja, sita, wamesimama wamempa Rispah mgongo kwa sababu hata kumtazama pale mbele ilikuwa ni kumkosea. Barasa naye aliwaona, na kwa kuwa hana haya aliwafuata mwenyewe akawaita waje kwake. Hawakumjibu. Judy alikuwa kwenye mstari wa mama yake, mtoto mgongoni, akiwapungia mkono waje, akilia kwa hasira.

Rispah aligeuka kuona Judy anampungia nani. Nilikuwa karibu naye na niliuona uso wake ulipoelewa. Alitazama kule kwenye ua kwa muda, akatazama mkono wake wa kulia, kisha akanitazama mimi, na nadhani alikumbuka punje za mahindi.

Nilijaribu. Nilikwenda kwa DO nikamwambia kuna watu sita pale ambao mila inawazuia, wahesabiwe walipo. DO akawatazama. "Wamesimama kwa mstari gani?" akauliza. Nikasema hawawezi kusimama. "Basi hawajapiga kura, Mwalimu. Sheria mlitunga wenyewe. Asiyeguswa hahesabiwi."

Tukaanza na Barasa. Alipita akipiga mabega kwa kishindo, akitania watu, nami nikihesabu kwa sauti. Sabini na moja. Kisha Rispah. Aligusa kila bega polepole, na wengi aliwaita majina. Bega la mwisho lilikuwa la Judy, ambaye alikuwa amerudi nyuma akitumaini kumvuta mumewe. Sitini na saba.

Siku hiyo watu walimbeba Barasa. Rispah alimpa mkono wa pongezi mbele ya DO, akashukuru serikali kwa kuwapa wananchi nafasi, akaenda nyumbani. Nilimfuata kwa mbali kama mbwa aliyepigwa.

Jioni hiyo hiyo Judy alikuja kwa mama yake na kumtukana Job kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akasema anaiacha nyumba hiyo. Mimi nilikuwepo. Rispah alimwacha amalize.

"Angesimama nyuma yangu," akasema, "mimi ndio ningetoka kwa huo mstari. Rudi kwako upike."

Mwaka uliofuata mpima ardhi alitumwa kupima upya mashamba ya upande wetu. Rispah alipopata habari aliniomba tuandike barua ya kumi na mbili, na safari hii nilimsindikiza mpaka ofisini. Ni DO yule yule wa miwani. Alitukaribisha kwa adabu, akaisoma barua yote.

"Mama," akasema, "zamani ungekuja hapa ukaniambia mteule wangu ni mbaya, ningekuwa na la kufanya. Ningemwita, ningemwondoa hata leo. Lakini huyu si wangu tena. Huyu mmemchagua nyinyi wenyewe, na ni wewe ulikuja kwa ofisi hii mara kumi na moja kuomba."

"Ni ukweli," Rispah akasema.

"Subirini muda wake uishe mchague tena."

"Muda ni miaka ngapi?"

DO akafikiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Akasema tuseme mitano.

Mpima ardhi alikuja Jumanne na kijisanduku chake cha miguu mitatu. Aliuliza mzee wa kijiji yuko wapi, na Barasa akajitokeza na barua yake ya ofisi, akamwonyesha kisiki cha mkaratusi. Mpima ardhi akamwuliza Rispah kama ana shahidi. Nilisema ni mimi. Akauliza mimi ni wa ukoo gani wa hapa, Barasa akamjibu kwamba Mwalimu ni mtu wa Cheptais, na huo ukawa mwisho wa ushahidi wangu. Wakapigilia vigingi. Kigingi kimoja kilipigiliwa hatua nne upande wa juu wa kaburi la Hesbon, na kaburi likabaki kwa Barasa.

Baada ya wao kuondoka Rispah aliketi juu ya jiwe, upande wake wa vigingi, akitazama saruji ya kaburi. Niliketi karibu naye. Nilitaka kumwambia habari ya Job kuja kwangu, kwamba nilijua tangu mwanzo, na nilishindwa pa kuanzia. Yeye ndiye alianza.

"Mwalimu, pale kwa ua wa michongoma. Ulihesabu?"

Nilihesabu. Mkono wangu hauwezi kujizuia. Katika daftari langu la siku ile kuna namba tatu, ingawa DO alitaka mbili.

"Walikuwa sita," nikasema.

Niliona midomo yake ikienda. Alikuwa akijumlisha. Alirudia mara ya pili, kama mtoto asiyeamini jibu lake.

"Sabini na tatu," akasema.

"Sabini na tatu, Mama Judy."

"Basi nilishinda."

"Ulishinda."

Nikamweleza yote, punje za mahindi na ahadi yangu kwa Job. Nilidhani atanifukuza. Aling'oa jani moja, akalikunja, akalikunjua.

"Usimwambie Judy," akasema mwishowe. "Na Job usimwambie nimejua."

Kisha aliinuka, akajifunga leso vizuri, akachukua jembe lake dogo la palizi. Magugu yalikuwa yameota kando ya saruji. Alifika kwenye kigingi akasimama hapo, akainua sauti kuelekea nyumbani kwa Barasa, sauti ya heshima ambayo mtu hupigia hodi.

"Mzee wa kijiji," akaita, "naomba ruhusa nipalilie kwako."